Ngazi ya Mkate

Kwetu Jujuy, juu huku pumzi inakohesabiwa,
bahari haikuwahi kufika hata kwa uvumi.
Kuna chumvi tu, uwanda mzima wa chumvi,
mweupe mpaka macho yanatoka machozi bila msiba.
Baba aliikata kwa shoka, tofali kwa tofali,
na Eleodoro, mdogo wangu, akaipanga kwenye lori,
vidole vimepasuka, midomo imepasuka, anacheka.
Aliijua chumvi miaka kumi na minane
kabla ya kuyajua maji yake.

Bahati nasibu ilichezeshwa redioni:
kila kijana na tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho chake.
Namba ndogo, baki nyumbani.
Namba ya kati, jeshi la nchi kavu.
Namba kubwa, majini.
Betri zilikuwa zinakata roho; mama alizitia kwapani
zipate joto, sauti ifike.
Mia tisa themanini na saba.
Baba akasema, namba kubwa hivyo haikosi heri.

Aliandika barua mbili.
Ya kwanza: Duvi, maji ya hapa ni mengi na hayanyweki,
kama uwanda wetu, ila huu unatembea.
Wananiita Lama, nimezoea.
Namenya viazi vya watu mia tatu,
viazi vinono, havina ladha, usimwambie mama.
Ya pili ilifika baada ya ofisa.

Ofisa alikuja mwezi Mei,
gari lake limepotea njia mara mbili.
Mlima ulikuwa umemkaba koo.
Mama akampa majani ya koka atafune,
akamngoja apate pumzi
ndipo amwambie kwamba mwanawe hapumui.
Hakulia. Aliuliza neno moja tu:
maji yalikuwa baridi?
Ofisa akatazama ndani ya kofia yake
kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Mwili hatukupewa.
Tulipewa nishani kwenye kisanduku cha bluu,
na jina limekosewa herufi moja.
Eliodoro. Sijui huyo ni mtoto wa nani,
naye namwombea.

Kila Novemba tunawaokea marehemu mikate:
njiwa, lama, msalaba,
na ngazi, ili roho ipate pa kushukia.
Mwaka ule wa kwanza mama alisimama, unga hadi viwikoni.
Wengine wanashuka, alisema. Huyu anapanda.
Bahari ina kina gani, Eduviges?
Sikujua. Nilimwuliza mwalimu, naye hakujua,
akafungua ramani, akanionyesha rangi ya bluu.

Basi mama akaoka ngazi ya vipago saba.
Mwaka uliofuata, vinane.
Kipago kwa mwaka, kipago kwa mwaka,
mpaka tanuri likaelemewa, tukaoka vipande
na kuviunga mezani kwa uji wa sukari.
Mikate mingine yote tunaitia chumvi.
Wake, hapana.

Baba alikwenda, kisha mama, kwa mikono yao wenyewe
wakiwa wameshika shuka, vitandani, kama watu.
Nimebaki na tanuri.
Mwaka huu vipago ni hamsini.
Ngazi imemaliza meza, imekalia benchi,
imetokeza mlangoni, na mbwa amefungwa kwa sababu yake.
Mjukuu wangu Nahuel ana miaka kumi na minane,
ana simu inayojua kina cha kila bahari.
Nikutafutie, bibi?
Nikamwambia, weka hiyo simu, niletee hamira.

Alfajiri ya pili, sala zikiisha,
majirani wanagawana mikate, ndivyo desturi.
Ngazi tunaila kuanzia juu.
Kipago cha chini kabisa hatukigusi.
Huenda ameshakikanyaga.